Waraka wa Word ulijifunga na kujifungua wenyewe: je, kompyuta ya steshenari imeambukizwa?

MchapajiNgongona

Wakuu, poleni na majukumu. Ninaendesha duka dogo la steshenari upande wa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kazi zetu ni zile za steshenari yoyote ya chuoni: kuchapisha ripoti za mafunzo kwa vitendo, tasnifu na wasifu wa waombaji kazi, kuskani vyeti na vitambulisho, na kuwasaidia wateja kujaza fomu za Bodi ya Mikopo na za Ajira Portal. Nyaraka zinatufikia kwa flashi za wateja, kwa WhatsApp ya duka, na mara chache kwa barua pepe.

Wiki iliyopita kijana mmoja alileta flashi akaomba tumchapishie wasifu wake, ambao jina la faili lake liliishia na .doc. Binti anayehudumia kaunta alilibofya mara mbili. Word ikafunguka ikiwa tupu, ikakaa kidogo, ikajifunga yenyewe, kisha ikajifungua tena ikionyesha ukurasa mmoja wa wasifu usio na kasoro yoyote. Akauchapisha, mteja akalipa na kuondoka. Juu ya waraka hakukuwa na ukanda wa njano, hakukuwa na swali lolote kuhusu makro, wala binti hakubonyeza kitu kingine zaidi ya kulifungua lile faili. Tangu siku hiyo, kila kompyuta inapowashwa kinatokea kidirisha cheusi kinachopita haraka kabla hakijasomeka.

Fundi wetu anasema kwamba kwa kuwa hakuna makro iliyoruhusiwa, waraka peke yake hauwezi kuleta kirusi, na kwamba Windows imechoka tu. Antivairasi iliyomo haijatoa taarifa yoyote. Mashine ina Windows 10 na Office 2010 iliyowekwa na aliyetuuzia, na masasisho yalizimwa tangu mwanzo kwa sababu yanamaliza kifurushi cha intaneti.

Ninaomba kuelimishwa mambo mawili. Kwanza, je, inawezekana kweli waraka ukaambukiza kompyuta kwa kufunguliwa tu? Pili, tufanye nini? Ushauri wa kutofungua nyaraka za watu tusiowajua ninauheshimu, lakini kwetu hautekelezeki, maana karibu wateja wetu wote ni watu tusiowajua na kazi yenyewe ni kufungua nyaraka zao.

AfisaTehamaMakole

Ndugu mleta mada, pole kwa usumbufu. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: waraka unaweza kuiambukiza kompyuta kwa kufunguliwa tu, bila makro na bila mtu kukubali chochote. Kwa heshima zote kwa fundi wako, alichokisema kinahusu aina moja ya hatari na kinaiacha nyingine, ambayo kwa mashine kama yako ndiyo kubwa zaidi.

Makro ni programu ndogo ambayo Word yenyewe imeruhusu iwekwe ndani ya waraka, na ikishakubaliwa Word huiendesha kama ilivyoagizwa. Hatari yake inafahamika na watu wengi tangu kirusi cha Melissa kiliposambaa Machi 1999, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia moja kwa moja makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Udhaifu wa programu ni jambo jingine kabisa. Hapo haiombwi ruhusa yoyote, kwa sababu waraka umetengenezwa kwa makusudi ili ile sehemu ya programu inayousoma ikosee wakati wa kusoma, na kosa hilo ndilo linalompa mshambuliaji nafasi ya kupitisha amri zake.

Mfano unaoigusa Office 2010 yako moja kwa moja ni udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2017-11882. Ndani ya Office kulikuwa na programu ndogo ya kuandikia milinganyo ya hesabu, faili lake likiitwa EQNEDT32.EXE, ambayo ilitengenezwa mwaka 2000 na ikaendelea kuwekwa ndani ya matoleo yaliyofuata karibu bila kuguswa. Programu hiyo inaposoma mlinganyo ulio ndani ya waraka, hunakili jina la fonti kwenye nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu, bila kupima kwanza urefu wa jina lenyewe. Ukimimina maji ya ndoo mbili kwenye ndoo moja, yanayozidi yatalowesha kilichopo kando; na hapa kilichopo kando ni anwani inayoieleza kompyuta irudi wapi ikishamaliza kunakili. Mshambuliaji huandika jina refu la fonti kwa hesabu kamili, ili kile kinachomwagikia kwenye anwani hiyo kiwe anwani anayoitaka yeye, na kompyuta hutii.

Jambo lililoufanya udhaifu huo kuwa mbaya zaidi ni kwamba programu hiyo huendeshwa kando ya Word, si ndani yake, kwa hiyo kinga za kumbukumbu ambazo Microsoft ilikuwa imeziongeza kwenye Word kwa miaka mingi hazikuihusu. Udhaifu ulizibwa Novemba 2017 baada ya kukaa miaka 17, na Januari 2018, kasoro nyingine ilipobainika kwenye programu ile ile, Microsoft iliamua kuiondoa kabisa kupitia masasisho. Mashine ambayo haikupata masasisho hayo bado inayo hadi leo, na wahalifu wanalijua hilo: nyaraka zinazotumia udhaifu huo zimetumika kwa miaka mingi baadaye kusambaza programu hasidi za kuiba manenosiri, zikiwemo Agent Tesla na Lokibot. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kufungua folda ya C:\Program Files\Common Files\Microsoft Shared\EQUATION, au kwa kuanzia Program Files (x86) ikiwa Office yako ni ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64. Ukilikuta faili la EQNEDT32.EXE humo, ujue mlango huo uko wazi.

Kuhusu ulichokieleza, kwamba Word ilijifunga ikajifungua tena ikiwa na ukurasa safi, hiyo ni tabia inayofahamika ya nyaraka za aina hii. Amri za mshambuliaji zikishapita, huzima Word iliyovurugika na kufungua waraka wa pili usio na tatizo, ili aliyeketi mbele ya kompyuta asishtuke. Dalili moja peke yake si uthibitisho, kwa kuwa Word hujifunga kwa sababu nyingine nyingi. Lakini ikiungana na kidirisha cheusi kinachojitokeza kila mashine inapowashwa, ningeichukulia kompyuta hiyo kuwa imeambukizwa mpaka ithibitike vinginevyo. Ukimya wa antivairasi usikutulize, kwa sababu wahalifu hubadilisha maandishi ya programu zao mara kwa mara hadi zisifanane na zile ambazo antivairasi imeshazisajili, na antivairasi isiyosasishwa ndiyo hudanganyika kirahisi zaidi.

Sasa nieleze kwa nini ukanda wa njano haukutokea, maana hapa ndipo steshenari zinapodhurika kuliko ofisi nyingine. Tangu Office 2010, Word ina hali ya ulinzi ambayo huufungua waraka kwa kusomwa tu, ndani ya eneo lililotengwa, huku ukanda huo wa njano ukionekana juu yake, na vitu vilivyopachikwa ndani yake havipati nafasi ya kuendeshwa. Lakini Word hujuaje kwamba waraka umetoka nje? Kivinjari kinapopakua faili, Windows huliwekea alama ndogo iliyofichika inayosema kwamba limetoka kwenye intaneti, na Word huisoma alama hiyo kabla ya kufungua. Alama huhifadhiwa kwenye diski zenye mpangilio wa NTFS. Flashi nyingi za wateja wako zina mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauna mahali pa kuihifadhi. Waraka uliopakuliwa kokote kule ukishapita kwenye flashi kama hiyo, hufika kwako bila alama, na Word huuamini kana kwamba umeuandika mwenyewe dukani. Hali ni hiyo hiyo kwa faili lililopokelewa kwenye simu kisha likahamishiwa kwenye kompyuta kwa waya.

Hata pale ukanda unapotokea, kazi yako inakulazimisha kuuondoa, kwa sababu waraka ulio katika hali ya ulinzi hauchapishiki mpaka uruhusu kuchapisha, na ukiruhusu umetoka kwenye ulinzi. Mhasibu anaweza kuusoma waraka, akaridhika, akaufunga bila kuruhusu chochote. Mchapaji hawezi. Kwa hiyo una haki ya kukataa ushauri wa jumla. Wewe unahitaji mpangilio unaokubali kwamba siku moja waraka mbaya utafunguliwa tena dukani kwako, na siku hiyo usikute kitu cha maana.

LinuxNzuguni

Ninaunga mkono maelezo yaliyotangulia, na ninaongeza njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo nyepesi. Tafuta kompyuta ya zamani ambayo huitumii, iweke Linux (mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows) na LibreOffice (programu ya nyaraka inayotumika badala ya Office), na iwe ndiyo mashine pekee inayopokea flashi za wateja. Nyaraka zote zifunguliwe hapo na kugeuzwa kuwa PDF, kisha PDF ndiyo iende kwenye mashine iliyounganishwa na printa. Vyote viwili ni vya bure, hakuna leseni ya kununua wala programu ya kuvunjia leseni, na masasisho yake hayamlazimishi mtu kuyazima kwa hofu ya kugundulika. Amri iliyoandikwa kwa ajili ya EQNEDT32.EXE haina mahali pa kushika kwenye mashine ambayo haina programu hiyo.

Ninasisitiza suala la leseni kwa sababu sioni likizungumzwa kwa uzito unaostahili hapa mjini. Tunazungumzia virusi kana kwamba vinatoka mbinguni, ilhali mashine nyingi zinazouzwa zikiwa zimeshawekewa kila kitu huja zimeondolewa uwezo wa kusasishwa, na mnunuzi hufurahia kwamba Word haimsumbui. Office 2010 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 13 Oktoba 2020. Office 2013 ilifuata tarehe 11 Aprili 2023, na Office 2016 na 2019 zikafikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile ambayo msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha. Anayenunua mashine yenye Office 2010 leo ananunua orodha ya mapengo ambayo yameshaandikwa hadharani na ambayo hakuna atakayeyaziba.

AfisaTehamaMakole

Ndugu LinuxNzuguni, wazo la mashine ya kupokelea ninalikubali kwa moyo wote, isipokuwa nisingependa mleta mada aondoke akiamini kwamba LibreOffice haina udhaifu. Februari 2019 ulitangazwa udhaifu wenye namba CVE-2018-16858, ambapo waraka wa LibreOffice uliweza kuendesha amri za lugha ya programu ya Python mara tu kishale cha kipanya kilipopita juu ya kiungo kilichofichwa ndani yake, bila onyo lolote, na uliathiri Windows na Linux sawia. Matoleo ya 6.0.7 na 6.1.3 yalikuwa yameshauziba. Aliyekuwa na toleo jipya alikuwa salama; aliyekuwa na LibreOffice ya zamani iliyokuja na diski ya rafiki alikuwa wazi kama mwenye Word. Kinachomlinda mtu ni masasisho na namna alivyoipanga mashine, kabla ya jina la programu.

Vilevile, wapo wanaodhani kwamba bila kubofya faili hakuna hatari. Mwishoni mwa Mei 2022 ulifahamika udhaifu uliopewa jina la Follina, wenye namba CVE-2022-30190. Waraka wa Word ulivuta ukurasa kutoka kwenye seva ya mshambuliaji, na ukurasa huo ukaiita programu ya Windows ya kuchunguza hitilafu na kuipa amri ziendeshwe. Makro hazikuhusika hata kidogo. Waraka huo ulipohifadhiwa kwa muundo wa RTF, ambao ni aina nyingine ya faili la maandishi linalofunguliwa na Word, ilitosha kuuchagua tu kwenye folda ambayo kidirisha cha kuonyesha yaliyomo kimewashwa pembeni. Udhaifu ulizibwa tarehe 14 Juni 2022, lakini kwenye mashine iliyozimiwa masasisho tarehe hiyo haina maana. Kwa sababu hiyo, kidirisha hicho cha pembeni kizimwe kwenye mashine zote za duka. Vitufe vya Alt na P vikibonyezwa pamoja ndani ya folda hukizima na kukiwasha.

MchapajiNgongona

Ninawashukuru sana, wakuu. Nimefungua folda mliyoelekeza na faili la EQNEDT32.EXE lipo. Kompyuta nimeitoa kwenye intaneti kuanzia asubuhi hii.

Ninao ugumu mmoja kuhusu LibreOffice. Kwa barua na wasifu sina shaka, lakini tasnifu za wanafunzi zina orodha ya yaliyomo, majedwali marefu na milinganyo, na tulipowahi kujaribu, namba za kurasa zilihama na majedwali yakakatika katikati. Mwanafunzi anayewasilisha kesho hawezi kukubali hilo, na ana haki. Je, kuna namna ya kubaki na Word kwa kazi hizo?

Pia, kwenye mashine hiyo kuna skani za vyeti na vitambulisho vya NIDA vya wateja, na kivinjari kimehifadhi manenosiri ya akaunti ambazo tuliwafungulia wateja. Ninajisikia vibaya kwa niaba yao. Nianzie wapi?

UnunuziMtumba

Nichangie kidogo kutoka upande wa ofisi, kwa kuwa kazi yangu ni kupokea nyaraka za wazabuni katika Mji wa Serikali, na ninaona mbinu zinazoweza kumfikia hata mwenye steshenari. Mfumo wa NeST, yaani mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, umepunguza sana nyaraka za zabuni zinazokuja kwa barua pepe, lakini ankara na barua za kujitambulisha bado zinakuja. Ile inayonitia shaka zaidi ni faili lililobanwa na kufungwa kwa nenosiri, huku nenosiri lenyewe likiwa limeandikwa ndani ya barua ile ile. Nenosiri hilo halimlindi mtu yeyote, kwa kuwa kila atakayeiona barua ataliona. Kazi yake ni kuizuia seva ya barua isikague kilichomo ndani.

Programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa nayo ni sehemu ya tatizo hili. WinRAR ilikuwa na udhaifu, CVE-2023-38831, ambapo mtu alibofya faili lililoonekana kuwa la kawaida ndani ya furushi na kumbe programu hasidi ndiyo iliyoendeshwa. Uliondolewa katika toleo la 6.23 la Agosti 2023, na WinRAR haijisasishi yenyewe, kwa hiyo toleo alilokuwekea fundi ndilo ulilonalo mpaka leo. Liangalieni.

AfisaTehamaMakole

Ndugu mleta mada, tuanze na wateja wako, kwa sababu jambo hilo halingojei. Tumia kifaa kingine, si ile mashine, kubadilisha manenosiri: kwanza ya barua pepe ya duka, kisha ya akaunti nyingine zote ambazo kivinjari kilikuwa kimeyahifadhi. Wateja ambao akaunti zao mlizifungua hapo wapigiwe simu waelezwe kwa lugha rahisi kilichotokea, nao wabadilishe yao. Ninafahamu kwamba simu hizo ni ngumu kwa mfanyabiashara, lakini kijana aliyehifadhiwa nenosiri la Ajira Portal kwenye kompyuta yako hana njia nyingine ya kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtambua anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu kuwa na wajibu wa kuzilinda, na skani ya kitambulisho cha NIDA ni taarifa binafsi bila ubishi. Kwa mpango wa baadaye, skani ikishachapishwa au kutumwa ifutwe mbele ya mteja. Sioni sababu ya steshenari kutunza vitambulisho vya watu. Taarifa ya tukio unaweza kuipeleka TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ukimpata tena mwenye ile flashi usimfanye mtuhumiwa, kwani huenda wasifu wake umeambukizwa kwenye mashine ya mtu mwingine na yeye hajui lolote.

Mashine yenyewe usiisafishe, ifutwe na kuwekwa upya. Kusafisha kunategemea kujua kila kilichoingizwa, na hilo huna uhakika nalo.

Kuhusu Word kwa ajili ya tasnifu, njia ya kwanza haigharimu chochote: mteja ageuze waraka wake kuwa PDF kwenye simu au kompyuta yake mwenyewe kabla hajaja. Word ya kwenye simu inafanya hivyo, na Google Docs pia. Bandika tangazo mlangoni kwamba PDF inahudumiwa papo hapo na bila kubadilika mpangilio. Maneno hayo ya mwisho yatamvuta mwanafunzi kuliko onyo lolote la usalama, na ni ya kweli. PDF nazo zimewahi kuwa na mapengo yake, lakini ukizifungua ndani ya kivinjari kilichosasishwa, husomwa ndani ya eneo lililotengwa na bado unaweza kuchapisha bila kulitoka. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Word kwa mtu wa kazi yako.

Kwa wale watakaoshindwa, baki na mashine moja yenye Word ya leseni inayopata masasisho, na uifanye kuwa maskini kwa makusudi: isiwe na manenosiri, isiwe na skani za watu, isiingie kwenye akaunti yoyote ya duka, na binti wa kaunta aitumie kwa akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Udhaifu mwingi wa Office humpa mshambuliaji uwezo ule ule alionao aliyefungua waraka, hivyo akaunti yenye uwezo mdogo humpa naye kidogo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama ya Word, sehemu inayohusu kuzuia aina za mafaili, uweke alama kwenye RTF na kwenye nyaraka za muundo wa zamani wa .doc, na uchague zifunguliwe katika hali ya ulinzi. Mpangilio huo hautazami alama ya intaneti, kwa hiyo unafanya kazi hata kwa waraka uliotoka kwenye flashi, na hilo ndilo pengo lililokupata. Windows 10 na 11 zenye Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, zina pia kanuni inayozizuia programu za Office zisizindue programu nyingine. Ikiwa fundi wako anajua kutumia sera za kundi (Group Policy) za Windows, muombe aiwashe. Waraka wa wasifu hauna haja ya kuzindua programu yoyote, ilhali nyaraka nyingi za hila, hata zile zinazotumia makro, huhitaji kufanya hivyo ili zifikie lengo lake.

MchapajiNgongona

Nimeelewa, na ninashukuru kwa muda wenu. Kazi ya kuwapigia wateja tumeianza leo mchana, na tangazo la PDF liko mlangoni. Swali la mwisho: kabla ya kuifuta mashine, kuna kazi za wateja ambazo hawajazichukua. Ninaweza kuzihamisha?

LinuxNzuguni

Unaweza, ila usiiwashe ile mashine kwa Windows yake ili unakili. Andaa flashi yenye Linux kwenye kompyuta nyingine, iwashe mashine kwa kutumia flashi hiyo bila intaneti, na unakili kwenda kwenye diski mpya. Picha, skani na PDF zichukue. Nyaraka za .docx ambazo zilikuwa zako na unazifahamu zichukue pia, lakini zifunguliwe kwanza kwenye mashine ya kupokelea na kugeuzwa kuwa PDF. Mafaili ya .exe, njia za mkato, na chochote kilichomo kwenye folda ya mafaili yaliyopakuliwa usichokumbuka kilikotoka, viache humo humo vifutwe pamoja na mashine. Ukipata muda Jumamosi nipo Nzuguni, niandikie ujumbe wa faragha. Kuiwekea Linux mashine ya kupokelea ni kazi ya asubuhi moja na sitakutoza.